Jeshi Likishafukuzwa, Liende Wapi?

Katika drafti kete iliyoliwa imekwisha. Hakuna aulizaye itakwenda wapi. Katika mchezo wa vita uitwao Diplomacy sivyo. Jeshi lililofukuzwa mahali pake hungoja amri ya mwenyewe, nayo amri hiyo ikiandikwa ovyo huweza kugharimu kuliko kushindwa kwenyewe.

Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1954 na Mmarekani Allan Calhamer, ambaye baadaye alifanya kazi ya kusambaza barua. Mwaka 1959 alichapisha nakala 500 kwa fedha zake. Ubao wake ni ramani ya Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wachezaji saba huongoza dola saba. Dadu hakuna. Kila mmoja huandika amri zake kwa siri, kisha zote husomwa pamoja.

Haya, tuseme wewe ndiwe Ujerumani, na jeshi lako liko Munich. Austria anakushambulia kutoka Bohemia, akisaidiwa na jeshi lake la Tyrolia, nawe unang'oka. Sasa itazame ramani. Bohemia huruhusiwi kwenda, maana ndiko alikotokea aliyekufukuza. Tyrolia ina mtu. Burgundy amekaa Mfaransa. Silesia ni tupu, lakini jeshi lako la Berlin na lile la Mrusi kutoka Warsaw yameigombea sasa hivi yakashindana nguvu sawa, kila moja likabaki lilipokuwa. Mahali palipogombewa hivyo hapakimbiliki. Berlin, basi, ina jeshi. Yamebaki Kiel na Ruhr.

Wengi huandika Kiel, kwa kuwa ni nyumbani. Lakini Ujerumani hujenga majeshi mapya Berlin, Kiel na Munich tu, tena mwisho wa mwaka. Ikiwa hii ni awamu ya pili ya mwaka, ukiijaza Kiel hutakuwa na mahali pa kujenga hata ukistahili. Afadhali Ruhr, ambayo nayo inapakana na Munich. Isipokuwa manowari za adui ziwe zimeikaribia Kiel, hapo kuilinda ni busara.

Tena waweza kulivunja jeshi wewe mwenyewe. Mturuki aliyefukuzwa Albania mwishoni mwa mwaka, akiwa na vituo vingi kuliko majeshi aliyobaki nayo, huliacha lipotee, kisha akajenga manowari Smyrna. Asiyeandika amri yoyote pia hupoteza jeshi lake, ila yeye hakukusudia.

Jambo moja husahauliwa mno. Kwa sheria, wakati wa kuandika amri za kurudi nyuma mazungumzo hayaruhusiwi, hata na mwanao aliyeketi kando yako. Ikiwa Mfaransa naye amefukuzwa Ubelgiji, na nyote wawili mmeandika Ruhr, majeshi yote mawili huondolewa ubaoni.