Utafiti wa vinasaba huanza na fedha ndogo

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekuwa akisomea udaktari, alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali kupima makundi yake, akapima na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria aliikuta jeni ya selimundu kwa zaidi ya mtu mmoja kati ya watano. Kwa makabila kadhaa ya nyanda za juu hawakufika hata mmoja kati ya mia. Pwani na ziwani kuna nini ambacho mlimani hakuna? Malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria.

Safari moja ya chuo ilizaa swali la miaka mingi. Hiyo ndiyo kazi ya fedha za mbegu: ruzuku ndogo, ya mwaka mmoja au miwili, ambayo chuo huwapa watafiti wake ili wajaribu wazo changa. Mfadhili mkubwa hutaka kwanza kuona matokeo ya awali, na matokeo hayo hayapatikani bure. Mawazo mengi mazuri hufia hapo.

Kwenye vinasaba, tena, mtu mmoja hatoshi. Wapo wagonjwa wa selimundu ambao miili yao huendelea kutengeneza kwa wingi himoglobini ile ya mtoto aliye tumboni, na ugonjwa huwapungukia makali. Kwa nini wao? Daktari wa kliniki anawajua kwa sura, lakini mashine hana. Wa maabara atatoa DNA kwenye kile kichupa cha damu chenye kifuniko cha zambarau. Herufi zake bilioni tatu zinamhitaji mtu wa takwimu, ambaye pengine yuko kampasi nyingine na hajawahi kukanyaga wodini. Ruzuku ya mbegu iliyopangwa vizuri huwataka hawa watatu waombe pamoja, kisha hulipia vitendanishi, usomaji wa sampuli chache na nauli ya muuguzi anayefuatilia wagonjwa.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa King's College London walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya elfu moja wa Tanzania, ukathibitisha mchango wa jeni ya BCL11A katika kiwango cha himoglobini hiyo ya mtoto. Tiba ya selimundu inayohariri jeni hiyohiyo iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023.

Lakini kazi ya selimundu Muhimbili imebebwa kwa muda mrefu na fedha za nje, hasa za Wellcome Trust, na kwa maoni yangu anayelipia hatua ya kwanza ndiye mwenye kuchagua swali. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Nawaomba wakuu wa vyuo vyetu: tengeni fungu hata dogo, lakini la kila mwaka, na msimpe mwombaji aliyekuja peke yake.