Ununuzi wa Tela la Trekta: Kukadiria Bei na Kupatana na Muuzaji

Kwa vyama vya msingi vya wilaya za Handeni na Korogwe, tela ni chombo kinachotegemewa sana wakati wa mavuno. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, singa ni kama kilo 4 tu. Kwa hiyo ili kupata tani 1 ya singa, wakulima hawana budi kufikisha korona tani 25 za majani, yaani safari 5 za tela la tani 5. Majani yakichelewa hukauka, na singa hupoteza ubora. Mahindi nayo yakikawia shambani huliwa na wadudu au hunyeshewa. Tela bovu basi huwatia wanachama hasara mara mbili: kwa matengenezo na kwa mazao.

Hesabu itangulie maneno

Kosa la kawaida ni kuanza na bei aliyotaja muuzaji, kisha kuomba apunguze. Chama kianze na hesabu yake chenyewe. Mfano ufuatao unaonyesha njia tu. Tarakimu zake si bei za soko.

Tela jipya, likiwa limefikishwa Korogwe, ni shilingi 15,000,000 na linatazamiwa kufanya kazi miaka 12. Gharama yake ni shilingi 1,250,000 kwa mwaka. Tela lililotumika linauzwa shilingi 7,000,000, na fundi anakadiria kuwa likitengenezwa litadumu miaka 6. Miaka 6 kwa kipimo cha tela jipya ni shilingi 7,500,000. Matengenezo yake ni haya: tairi 4, shilingi 1,600,000, sakafu na kuchomelea, shilingi 800,000, beringi na hobu, shilingi 300,000, kulivuta hadi chamani, shilingi 200,000. Jumla ni shilingi 2,900,000. Ukitoa jumla hiyo, inabaki shilingi 4,600,000. Hicho ndicho kikomo cha chama, na muuzaji asikijue.

Ukaguzi

Chama kiende na fundi wake, si fundi wa muuzaji. Yaangaliwe hasa:

(a) Chesi na mkono wa kuungia trekta. Rangi mpya juu ya maungio huenda imeficha ufa.
(b) Magurudumu. Yainuliwe kwa jeki na kutikiswa. Yakicheza, beringi zimekwisha au zimelegea.
(c) Tairi. Kashata zaweza kuwa nzima huku ubavu umepasuka kwa jua.
(d) Kadi ya usajili. Jina na namba zilingane na muuzaji na tela lenyewe.

Tela livutwe likiwa na mzigo kabla ya kukubaliana.

Mapatano

Waende watu wawili au watatu, na msemaji awe mmoja. Kila kasoro itajwe pamoja na gharama yake, kwani muuzaji huweza kubishia maneno, lakini hubishia kwa shida orodha ya fundi. Dau la kwanza liwe chini ya kikomo, ili nafasi ya kupanda ibaki. Muuzaji akikataa kushuka, aombwe tairi la akiba au kulifikisha tela kwa gharama yake. Bei ikizidi kikomo, wajumbe waage kwa heshima na kuondoka.

Kwa tela jipya, zipatikane hati za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Zilinganishwe kwa mambo yale yale: uwezo wa kubeba, kodi, usafirishaji, dhamana na upatikanaji wa vipuri. Ni vema kununua kabla ya mavuno, maana mwenye mazao yanayoharibika hana nguvu ya kupatana.

Kumbukumbu

Kikomo cha bei kiandikwe katika muhtasari wa bodi kabla ya safari. Ikiwa fedha ni za mkopo, zisizidi ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Malipo yafanywe kwa benki, kwa mkataba wenye mashahidi, na stakabadhi ihifadhiwe kwa ajili ya wakaguzi. Umiliki uhamishwe katika Mamlaka ya Mapato kwa jina la chama, wala si kwa jina la mwenyekiti au la katibu.

Wahenga walisema rahisi ghali. Fedha ya chama ni jasho la wanachama, nao wana haki ya kuonyeshwa hesabu iliyofanywa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.