Kofia ya Viua na Kanzu ya Mkono: Ujuzi Unaorithishwa kwa Vitendo

Katika maeneo ya mwambao, ushonaji wa mavazi ya kale ni miongoni mwa kazi ambazo bado zina wateja lakini zinapungukiwa mafundi. Bwana harusi angali akitafuta kofia ya viua, na siku za Idi na Maulidi zingali zikipambwa kwa kanzu zenye darizi shingoni. Hata hivyo, kofia na kanzu nyingi zinazouzwa madukani leo zimeshonwa kwa mashine. Wahenga walinena kuwa ujuzi hauzeeki. Mwenye ujuzi, hata hivyo, huzeeka, na asiporithisha huondoka nao. Makala haya yanaeleza namna ujuzi huo unavyofundishwa kwa vitendo na hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua ili kunufaika nao.

Asili ya mavazi haya

Ufumaji ulikuwapo Pwani kwa karne nyingi. Katika magofu ya Kilwa vimefukuliwa vigae vya duara vilivyotobolewa katikati, ambavyo wenyeji walivitumia kusokotea uzi wa pamba. Katika karne ya 19, baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said, kitambaa cha pamba kutoka Massachusetts kilienea kupitia Unguja na kupewa jina la merikani. Mahusiano ya Unguja na Omani nayo yameacha alama katika mavazi: kofia ya Kiomani iitwayo kuma inafanana sana na kofia ya viua ya Waswahili.

Kofia: kazi ya tundu na uzi

Kiua ni tundu dogo lililozungushiwa uzi, na kofia moja huwa na viua mamia kwa mamia. Fundi huanza kwa kupima kichwa, kisha hukata vipande viwili vya kitambaa cheupe cha pamba: kimoja cha duara, cha juu, na kingine kirefu, cha ubavuni. Kila kipande huwa na tabaka mbili. Ruwaza huchorwa kwa penseli, na viua hutobolewa kwa kufuata mchoro huo.

Hapa ndipo mwanafunzi anapohitaji kukaa karibu na mwalimu wake. Tundu halikatwi kwa mkasi. Hutobolewa kwa sindano nene ili nyuzi za kitambaa zisogee bila kukatika. Nyuzi zikikatika, tundu hufumuka baada ya kufuliwa mara chache. Kisha ukingo wa tundu huzungushiwa uzi kwa mshono wa karibu karibu. Uzi ukivutwa mno, kitambaa hukunjamana. Ukilegezwa, kiua hupoteza umbo. Kipimo cha mvuto huo hakiandikiki kitabuni. Hujulikana kwa vidole, na vidole hujifunza kwa kurudia. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi huanzia kwenye kipande cha majaribio, na hupewa kitambaa cha kofia pale tu viua vyake vinapolingana.

Kazi ikikamilika, vipande viwili huunganishwa, kofia hufuliwa, hutiwa wanga na kukaushwa juu ya kitu cha duara ili ishike umbo. Kofia moja huchukua wiki kadhaa. Yenye nakshi nyingi huchukua miezi. Huko Unguja, wanawake wengi wameifanya kazi hii majumbani mwao, wakiichanganya na shughuli nyingine za siku.

Kanzu: kila kipande na jina lake

Mtu anayeitazama kanzu kwa mbali huiona kuwa vazi lisilo na ugumu. Fundi huona vipande vyenye majina na kazi maalumu. Badani ni kipande kikubwa cha mbele au cha nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana ili mvaaji aweze kupiga hatua. Kikwapa ni kipande kidogo cha chini ya kwapa, kinachozuia mshono kuchanika mkono unapoinuliwa. Kaba huimarisha shingo kwa ndani, na hapo shingoni ndipo darizi hutiwa kwa uzi wa hariri au pamba.

Majina haya ni sehemu ya ujuzi wenyewe. Anayelijua neno kikwapa hujua pia kwamba nguo inahitaji kipande hicho. Jina likisahauliwa, na kipande huachwa, na kanzu huanza kupasuka kwapani.

Bei na uaminifu

Kosa la kawaida kwa wanaoanza ni kupanga bei kwa kuangalia kofia ya mashine. Kazi ya wiki sita haiwezi kushindana na kazi ya dakika chache. Mshonaji anashauriwa kuandika siku alizofanya kazi na gharama ya vifaa, kisha apange bei kutokana na hesabu hiyo. Aidha, kofia ya mashine isiuzwe kwa jina la kofia ya mkono. Mteja akidanganywa mara moja, soko la wote huharibika.

Hatua kwa mkazi anayependa kujifunza

Vifaa vya kuanzia ni vichache: kitambaa cha pamba, uzi, sindano za unene tofauti, kastabini, penseli, mkasi na futi kamba. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu na muda. Wakazi wanaojua mzee mwenye ujuzi huu katika mtaa au kijiji chao wanahimizwa kumtambulisha kwa Afisa Utamaduni au kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Wanafunzi wachache wanaweza kuunda kikundi, kuandika katiba, kukisajili na kukifungulia akaunti ya benki. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha ushonaji kinaweza kuomba mkopo huo kama kikundi kingine chochote, kwa kutimiza masharti yaliyowekwa.

Fundi aliyejifunzia nyumbani naye anaweza kuuliza VETA kuhusu utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ili apimwe na kupewa cheti. Ushauri wa biashara ndogo hupatikana katika ofisi za SIDO za mkoa.

Kofia iliyohifadhiwa katika kabati la makumbusho huonesha kazi ilivyokuwa, lakini haimfundishi mtu kushona. Kijana anayetaka kujifunza amtafute mwalimu sasa, maadamu yupo na mikono yake ingali na nguvu.