Huruma Peke Yake Haitoshi: Usalama wa Ndugu Zetu Walemavu Makaoni



Katika familia nyingi za parokia zetu yupo mtu mzima mwenye ulemavu: wa viungo, wa akili, au mwenye kifafa kikali. Alipokuwa mtoto, mama alimbeba mgongoni. Sasa ana miaka thelathini au arobaini, ni mzito kuliko mama yake, na mama mwenyewe amezeeka. Ndipo linapokuja swali ambalo wazazi wengi huliuliza kimoyomoyo: "Nikifa mimi, nani atamtunza mwanangu?"

Baadhi ya familia huamua kumpeleka ndugu yao kwenye makao ya kulelea walemavu, yawe ya serikali, ya watawa au ya watu binafsi. Hatusemi kwamba ni vibaya. Yapo makao yanayomtunza mtu vizuri kuliko nyumba ambayo wote hutoka asubuhi na kurudi jioni. Lakini makao yote hayafanani, na familia nyingi hazijui cha kuangalia. Huona kuta zilizopakwa rangi, huona picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, husikia maneno mazuri ya msimamizi, wakarudi nyumbani wametulia. Mwezi huu twapenda kueleza mambo yanayomlinda mtu makaoni, na jinsi ya kuyatambua.

Yaliyotokea Afrika Kusini

Tuanze na mfano ambao umechunguzwa hadharani na kuandikwa vizuri. Katika mkoa wa Gauteng, Afrika Kusini, wagonjwa wengi wa akili na watu wenye ulemavu mkubwa wa akili walikuwa wakitunzwa katika vituo vya Life Esidimeni, kwa gharama ya serikali ya mkoa. Mwezi Oktoba 2015 idara ya afya ya mkoa ilitangaza kwamba inavunja mkataba huo. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kupunguza gharama. Jamaa za wagonjwa walipinga, wakaandamana, wakafika hata mahakamani. Hata hivyo, hadi katikati ya mwaka 2016 wagonjwa walikuwa wamehamishwa, wengi wao wakipelekwa katika nyumba ndogo za mashirika yasiyo ya kiserikali.

Mwezi Februari 2017 Profesa Malegapuru Makgoba, mchunguzi mkuu wa malalamiko ya afya wa nchi hiyo, alitoa taarifa yake. Aliona kwamba mashirika yote 27 yaliyopokea wagonjwa yalifanya kazi kwa vibali visivyo halali. Wengine walisafirishwa kwa namna isiyofaa binadamu. Familia nyingine hazikuambiwa ndugu yao amepelekwa wapi. Kati ya sababu za vifo zilikuwamo nimonia, kifafa kisichodhibitiwa, na kukosa maji mwilini.

Baadaye aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, Dikgang Moseneke, alisikiliza ushahidi wa familia. Katika uamuzi wake wa mwezi Machi 2018 alitaja vifo 144, watu 1,418 walionusurika baada ya mateso, na wengine 44 ambao hadi siku hiyo hawakujulikana walipo. Mwezi Julai 2024 mahakama iliyochunguza vifo hivyo iliamua kwamba vifo vya watu 9 vilisababishwa na uzembe wa viongozi wawili wa idara ya afya ya mkoa.

Tufikiri kidogo. Watu hawa hawakuuawa na ugonjwa mgeni usio na tiba. Walikosa maji, chakula, blanketi, dawa walizozizoea, na mtu anayewafahamu. Si kwamba kila aliyefungua nyumba yake kuwapokea alikuwa na moyo mbaya. Lakini moyo mwema bila ujuzi, bila wahudumu wa kutosha na bila ukaguzi, haukuweza kuwaokoa.

Mambo madogo yanayoua

Mtu mzima mwenye ulemavu mkubwa mara nyingi hawezi kusema "nina kiu" au "hapa panauma." Kwa hiyo makao mazuri huwa na utaratibu unaosema badala yake.

Maji na chakula. Asiyeweza kushika kikombe hunywa pale tu anaponyweshwa. Dalili za upungufu wa maji ni midomo mikavu, mkojo mchache na mzito, na usingizi usio wa kawaida. Ulishaji nao una hatari yake. Mtu mwenye shida ya kumeza akilishwa amelala, au akilishwa haraka ili mhudumu amfikie mwingine, chakula huingia katika njia ya hewa. Akiponea kukabwa, huweza kupata nimonia. Alishwe ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, na abaki ameketi kwa nusu saa baada ya kula. Ukiona mhudumu mmoja analisha watu wanane kwa mkupuo, ujue kuna hatari.

Dawa. Dawa za kifafa zikikatizwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu, mtukutiko juu ya mtukutiko, mgonjwa asipate fahamu katikati. Hali hii huua. Mtukutiko ukipita dakika 5, apelekwe hospitali mara moja. Wakati wa mtukutiko alazwe kwa ubavu, aondolewe vitu vya kumwumiza, wala asitiwe kijiko au kitu chochote mdomoni. Mwenye kifafa asiachwe peke yake bafuni au karibu na moto. Tena dawa zote ziwe katika kabati lenye kufuli, na kila kidonge kinachotolewa kiandikwe daftarini, pamoja na saa na jina la aliyekitoa.

Vidonda vya kulalia. Asiyeweza kujigeuza hupata vidonda pale mfupa unapogandamiza ngozi: kiunoni kwa nyuma, nyongani na visiginoni. Kidonda huanza kama doa tu. Kwa ngozi yetu nyeusi doa hilo halionekani jekundu. Huwa jeusi zaidi kuliko ngozi ya kando, tena lina joto au ugumu ukiligusa. Likiachwa huchimba hadi mfupani, na sumu huweza kuingia katika damu. Kinga yake ni kumgeuza kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na shuka iwe kavu, bila makunyanzi. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ainuliwe au asogezwe mara nyingi zaidi.

Maji ya moto. Aliyepooza huenda hasikii joto miguuni, na asiyesema hawezi kulalamika. Maji yenye joto la nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Maji baridi yatangulie katika beseni, ndipo ya moto yaongezwe, na mhudumu ayapime kwa kiwiko chake kabla ya kumgusa mgonjwa.

Moto. Nyumba nyingine hufunga milango kwa kufuli usiku ili wakazi wasitoroke. Je, nyumba ikishika moto, nani ana ufunguo, na analala wapi? Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa na wa hospitali, hukumbukwa kwa kuwatoa wagonjwa hospitali ilipoungua huko Granada mwaka 1549. Lakini hatuna ruhusa ya kungojea mtakatifu atokee usiku huo. Kila nyumba iwe na njia mbili za kutokea, funguo karibu na mhudumu wa zamu, na mazoezi ya kuwatoa wasioweza kutembea.

Maswali ya kumwuliza msimamizi

Kabla ya kumkabidhi ndugu yenu, ombeni kuzungumza na msimamizi, na mwulize bila kuona haya. Anayefanya kazi yake vizuri hatachukia.

Kwanza, je, makao yana kibali, na mara ya mwisho yalikaguliwa lini? Ombeni kuona karatasi yenyewe. Mkiwa na mashaka, pitieni ofisi ya Ustawi wa Jamii ya mahali penu kuuliza.

Pili, usiku wako wahudumu wangapi, na kwa wakazi wangapi? Mchana wageni hupita na kila kitu hupangwa. Usiku ndipo ukweli wa nyumba hujulikana.

Tatu, wahudumu wamefundishwa nini? Je, wanajua kumwinua mtu bila kumwumiza, kumlisha asiyeweza kumeza vizuri, na la kufanya kifafa kinapomjia?

Nne, je, kila mkazi ana faili lake? Ndani yake yawemo majina ya jamaa, magonjwa yake, dawa na vipimo vyake, uzito wake, na namna anavyoonyesha kwamba anaumwa. Uzito upimwe kila mwezi. Mtu anayekonda mwezi hata mwezi anatoa habari, hata kama hasemi.

Tano, ajali ikitokea huandikwa wapi, na jamaa huarifiwa baada ya muda gani? Msimamizi akijibu, "Hapa kwetu hakuna ajali," msifurahi upesi. Mahali wanapoishi watu wengi wasiojiweza, ajali hazikosekani. Huenda haziandikwi tu.

Sita, mwenye malalamiko huyapeleka kwa nani? Kusiwe na mtu mmoja tu aliye msimamizi, mtunza fedha na msikilizaji wa malalamiko kwa pamoja. Hata nyumba za watawa zafaa ziwe na kamati yenye watu wa nje, kama vile mganga, mzazi, na mmoja wa wakazi wenyewe.

Hapo twataka kukaza jambo moja. Ndugu yenu ni mtu mzima. Aulizwe mwenyewe anataka kukaa wapi, anapenda kula nini, na nani amwogeshe. Mwanamke aogeshwe na mwanamke. Asiyesema kwa kinywa husema kwa uso, kwa mkono au kwa kukataa chakula, na wanaomfahamu humwelewa.

Dalili za mateso

Ni jambo chungu kulitaja, lakini kunyamaza si upendo. Watu wenye ulemavu hupigwa, hufungwa kwa kamba, hulazwa kwa dawa za usingizi ili wasisumbue, na wengine, wanawake kwa wanaume, hunajisiwa. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara yake ya 16, unazitaka nchi zihakikishe kwamba vituo vinavyowahudumia vinasimamiwa na wakaguzi wasio wa kituo chenyewe. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009.

Angalieni michubuko isiyo na maelezo, hasa mapajani na mikononi. Angalieni alama za kamba, hofu anapomwona mhudumu fulani, usingizi wa kutwa nzima, kujikojolea kwa mtu aliyekuwa hajikojolei, na nguo ambazo si zake. Shaka ikiwapo, apelekwe kwa daktari siku ileile, na habari ifike polisi au Ustawi wa Jamii. Tusimwendee msimamizi peke yake na kumwachia amalize kimya kimya. Wala tusiseme, "Tusiliaibishe Kanisa." Linaloliaibisha Kanisa ni dhambi yenyewe na kuificha.

Wajibu wetu nyumbani na parokiani

Kibali ni kizuri na daftari ni zuri, lakini ulinzi mkubwa ni kutembelewa. Mkazi anayejulikana kuwa na watu hutendewa kama mtu mwenye watu. Basi familia ipange zamu: mwezi huu aende kaka, mwezi ujao shangazi. Mara nyingine waende bila kutoa taarifa, wakati wa chakula au jioni. Waingie chumbani, si sebuleni tu. Wafunue shuka, watazame visigino, waulize kuhusu uzito. Wafike pia na neno la shukrani, maana kazi ya wahudumu ni nzito na wengi wao hulipwa kidogo. Makao yakitaka kumhamishia kwingine, familia ipewe habari mapema na kupaona mahali hapo kwanza, naye asafiri na faili lake na dawa za siku za kutosha.

Wako pia wakazi wasio na jamaa. Hao ni wa parokia. Jumuiya ndogondogo, Wanawake Wakatoliki na Vijana Wafanyakazi wanaweza kugawana majina, ili kila mkazi awe na nyumba moja inayomfahamu kwa jina na kumtembelea, si wakati wa Krismasi tu.

Twaukumbuka mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Wengi wetu hukumbuka mafuta na divai, na yule punda. Tusome tena mwisho wake. Msamaria alimpeleka majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akamtunza, na kesho yake akamkabidhi kwa mwenye nyumba. Alitoa fedha, akaeleza analotaka lifanyike, na akaahidi kurudi. Kumweka mtu mikononi mwa wengine hakukumaliza wajibu wake. Mwenye nyumba alijua kwamba mtu huyu ana wa kumwulizia, na kwamba mwulizaji yu njiani.

Basi ikiwa ndugu yenu yuko makaoni, chagueni leo siku ya kwenda kumwona, na mwende.