Matembezi ya Juani: Kwa Nini Mgeni Hatakiwi Kumbeba Mtoto wa Kasa

Kati ya Juni na Septemba, viota vingi vya kasa huanguliwa katika fukwe za Kisiwa cha Juani, wilayani Mafia, Mkoa wa Pwani. Anayetaka kushuhudia tukio hilo huvuka Ghuba ya Chole kwa mashua kutoka Utende, kisha hukatiza kisiwa kwa miguu hadi upande wa mashariki unaotazama bahari kuu. Saa ya kuondoka hufuata maji kujaa na kupwa, hivyo mgeni hana budi kupanga safari mapema na waongozaji.

Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822.

Jike la kasa hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo mia moja au zaidi, huyafukia na kurejea baharini, hayaangalii tena. Kazi ya kuyaatamia hubaki kwa mchanga, kwa muda wa takriban miezi miwili. Joto la mchanga huo pia huamua jinsia: ukiwa na joto zaidi hutoa majike wengi, ukiwa na ubaridi hutoa madume.

Watoto hutoka kwa pamoja, aghalabu mchanga unapopoa. Hapo ndipo wageni wengi hutamani kusaidia, kwa kuwa kiumbe mwenye urefu wa sentimita tano hivi huonekana kuteseka akipanda na kushuka katika nyayo za watu. Huruma hiyo inaeleweka, lakini ina madhara. Safari ile fupi humpa mtoto wa kasa mwelekeo wa kuogelea kwenda bahari kuu, na jike aliyekomaa, miaka ishirini au zaidi baadaye, hurudi kutaga katika eneo alikozaliwa. Aidha, watoto hao hufuata upande wenye mwanga, yaani upeo wa bahari. Tochi moja au mweko wa kamera hutosha kuwapoteza, nao kaa na ndege hawasubiri. Inakadiriwa kuwa mmoja tu kati ya elfu moja hufikia utu uzima.

Kwa sababu hiyo, mgeni husimama nyuma ya kiota, wala si kati ya kiota na maji. Huzima taa zote na hagusi chochote. Kukamata kasa au kuchukua mayai yake ni kosa kisheria.

Siku ya kuanguliwa hukadiriwa kutokana na tarehe ya kutaga, ambayo huandikwa na waangalizi wa viota kutoka vijijini wanaoshirikiana na shirika la Sea Sense. Kiota kilicho hatarini kufikiwa na maji huhamishiwa juu zaidi. Sehemu ya fedha wanazolipa wageni hurudi kijijini, jambo linalompa mwanakijiji sababu ya kutoa taarifa ya kiota badala ya kukifukua.

Makadirio hayo hupishana na hali halisi kwa siku kadhaa, na wapo wanaokuta mchanga umetulia. Hao wanaweza kuitumia siku iliyobaki kuyaona magofu ya Kua, kisiwani humohumo.