Mzizi Uliobaki Tayani

Katika malalamiko yote kuhusu matibabu mabaya ya meno, hakuna linalotatiza kama ncha ya mzizi, ndogo kama punje ya mchele, inayokatikia tayani gego linapong'olewa. Kwa mgonjwa wa Bomet aliyerudi nyumbani na maumivu, ncha hiyo ni ushahidi tosha kwamba ameharibiwa, ilhali sheria hutaka zaidi ya hapo.

Daktari wa meno anayeulizwa habari hii huanza na maumbile: gego la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu na la chini miwili, na mizizi iliyopinda au kuoza huweza kuvunjika hata mikononi mwa mtaalamu stadi. Jino likilazwa kwenye sinia, mzizi mzima huonekana umechongoka polepole hadi ncha laini ya mviringo, na uliovunjika huishia ghafla kwa ukingo mkali unaokwaruza kidole, kwa hiyo aliyeling'oa hana udhuru wa kutojua. Kuichokonoa ncha isiyo na usaha, iliyo karibu na neva ya taya la chini, yaani mshipa wa fahamu unaoupa mdomo hisia, huweza kuuacha mdomo na ganzi ya kudumu. Ndiyo maana taaluma inakubali iachwe, mradi mgonjwa ameambiwa, faili imeandikwa na tarehe ya kurudi imepangwa. Kwa maelezo hayo, kinachomtia mtaalamu hatiani ni ukimya wake.

Uzembe wa kitabibu, yaani kushuka chini ya kiwango cha mtaalamu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani yake, hupimwa nchini Kenya kwa kigezo cha kesi ya Bolam iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1957, na mlalamishi hupaswa pia kuthibitisha kwamba kosa hilo ndilo lililomdhuru. Mchuma chai ambaye hakupewa karatasi yoyote atalithibitishaje? Na kliniki isiyo na eksirei, inayong'oa gego gumu badala ya kutoa rufaa, imemsaidia mgonjwa au imemkosea?

Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, laweza kumwadhibu mhusika, ila anayetaka fidia hufungua kesi mahakamani ndani ya miaka 3, ingawa kifungu cha 27 cha Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, inayohusu ukomo wa muda wa kufungua kesi, huruhusu muda kuongezwa iwapo ukweli wa msingi ulifichika. Kila anayeng'olewa jino na aombe kulitazama, aulize kama limetoka lote, na adai nakala ya kumbukumbu zake kabla ya kuondoka.