Santi Cazorla na Lile Swali la "Unarudi Lini Nyumbani?"

Mei 2014 nilikuwa darasa la tano kule Tukuyu, nimebanwa kwenye benchi la mbele la kibanda umiza. Ilikuwa fainali ya Kombe la FA, Arsenal na Hull City. Hatujakaa hata vizuri, Arsenal wameshapigwa mbili. Mashabiki wa Man U nyuma yetu wakaanza nyimbo zao. Dakika ya 17 kiungo mmoja mfupi akaweka mpira chini, akaurusha juu ya ukuta mpaka wavuni. Tukaruka mpaka benchi likavunjika mguu. Arsenal walishinda 3-2 katika muda wa nyongeza, wakamaliza miaka tisa bila kombe. Yule mfupi aliitwa Santi Cazorla.

Miaka 11 baadaye, Juni 2025, nimelala hosteli na madaftari ya UE kifuani, nikamwona tena kwenye simu. Ana miaka 40. Amevaa jezi ya bluu ya timu ambayo chumba kizima hakuna aliyeijua, na analia kama mtoto. Rafiki yangu wa chumbani akauliza, "Huyu mzee bado anacheza? Na analilia nini timu ya daraja la pili?"

Swali zuri. Nilianza kumjibu usiku ule, na makala hii ndiyo jibu langu refu. Nina sababu yangu pia. Niko mwaka wa mwisho, na kila nikipiga simu nyumbani baba anauliza, "Ukimaliza unarudi lini?" Chuoni kwetu jibu la swali hilo ni kama aibu. Kurudi mkoani kunahesabiwa kufeli maisha. Cazorla alirudi mkoani, na watu wa kwao wakampokea kama mfalme. Kwa nini?

Aliondokaje

Oviedo ni mji mkuu wa Asturias, kaskazini mwa Hispania. Ni nchi ya milima, mvua, na migodi ya makaa ya mawe ambayo mingi imeshafungwa. (Mtu wa Rungwe akisoma hapo anacheka. Mvua na milima tunayo, na makaa ya Kiwira hayako mbali.) Cazorla alizaliwa Desemba 1984 huko Llanera, jirani kabisa na Oviedo, akakulia katika timu za vijana za Real Oviedo. Ndoto yake ilikuwa ile ya kila mtoto wa pale, kuvaa bluu katika timu ya wakubwa.

Hakuwahi kuivaa. Mwaka 2003 klabu ilifilisika. Ilishuka kutoka daraja la pili, na kwa kuwa ilishindwa kulipa mishahara ya wachezaji, ikasukumwa chini zaidi mpaka daraja la nne. Uongozi wa mji ukaamua kuiunga mkono klabu nyingine. Mashabiki walikataa. Waliendelea kwenda kwa maelfu kuiangalia Oviedo yao ikicheza na timu za vijijini. Cazorla, wakati huo miaka 18, akaenda Villarreal, upande wa pili wa nchi.

Kwa hiyo watu wa Oviedo hawakuwahi kumwona kama msaliti. Nyumba ilikuwa inaungua, kijana akatoka nje. Nani angemlaumu?

Linganisha na kisa kingine maarufu, cha LeBron James wa mpira wa kikapu. Yeye alizaliwa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, kama kilomita 60 kutoka Cleveland, na ndiyo Cleveland Cavaliers waliomchukua akiwa wa kwanza mwaka 2003. Julai 2010 alitangaza kwenye kipindi maalumu cha televisheni kwamba anahamia Miami. Watu wa kwao waligundua pamoja na dunia nzima, moja kwa moja hewani. Usiku ule jezi zake zilichomwa moto mitaani Cleveland, na mmiliki wa timu akaandika barua ya hasira kwa mashabiki. Msimu uliofuata Cavaliers walishinda michezo 19 tu kati ya 82.

Mwaka 2014 LeBron alirudi. Safari hii hakufanya kipindi cha televisheni. Alitoa andiko kwenye jarida la Sports Illustrated akieleza kwamba nyumbani kwake ni kaskazini mashariki mwa Ohio. Wengi waliochoma jezi walinunua nyingine. Mwaka 2016 timu ilitwaa ubingwa baada ya kuwa nyuma 3-1 kwenye fainali, na Cleveland ikapata taji kubwa la kwanza tangu 1964. Deni likalipwa. Lakini angalia, lilikuwa deni. LeBron alirudi akidaiwa. Cazorla hakudaiwa kitu, na bado alilipa.

Akiwa mbali

Hapa ndipo rafiki yangu wa chumbani alipokaa kitandani akasikiliza.

Mwaka 2012 Oviedo ilikaribia kufa kabisa. Ilihitaji kama euro milioni mbili ndani ya wiki chache za Novemba. Klabu ikauza hisa kwa mtu yeyote, hisa moja euro 10.75. Mashabiki wakasambaza habari mtandaoni, watu wa nchi nyingi wakanunua, wengine hawajawahi hata kufika Asturias. Waliosikika sana walikuwa vijana watatu waliopita kwenye timu za vijana za Oviedo na wakati huo wakicheza Ligi Kuu ya Uingereza: Juan Mata wa Chelsea, Michu wa Swansea, na Cazorla, aliyekuwa na miezi michache tu Arsenal. Wote walitoa pesa zao. Kampeni ikawa kubwa kiasi kwamba tajiri wa Mexico, Carlos Slim, naye akaweka euro milioni mbili. Klabu ikapona.

Fikiria hilo vizuri. Cazorla alikuwa na miaka 27. Alikuwa ameshatwaa Kombe la Ulaya mara mbili na Hispania, 2008 na 2012. Alikuwa London. Klabu ile haikuwa imempa hata mechi moja ya wakubwa. Hakuna ambaye angemuuliza kama angekaa kimya. Na hakungoja astaafu, wala ajenge kwanza, wala "mambo yakae sawa." Alituma wakati yuko katikati ya safari yake.

Mimi nasema alirudi siku ile. Mwaka 2023 alifuata tu mwili.

Mwili wenyewe ulikuwa na hadithi yake. Mechi yake ya mwisho Arsenal ilikuwa Oktoba 2016. Baada ya hapo kifundo cha mguu wa kulia kilifanyiwa upasuaji mara nyingi. Kidonda kikaingia bakteria, nyama ikaanza kuoza, na sentimita kadhaa za kano ya kisigino zikaliwa. Madaktari walimwambia akiweza kutembea bustanini na mwanawe ashukuru. Walichukua ngozi ya mkono wake kuziba kidonda, na kwa kuwa mkono huo ulikuwa na tatuu ya jina la bintiye, India, leo sehemu ya jina iko mkononi na sehemu iko mguuni. Alirudi uwanjani 2018 na Villarreal, akaitwa tena timu ya taifa, kisha akaenda Al Sadd ya Qatar miaka mitatu.

Alirudi na nini

Agosti 2023, akiwa na miaka 38, Oviedo ikiwa daraja la pili, alisaini. Alikuwa tayari kucheza bure, lakini kanuni za soka la kulipwa Hispania haziruhusu, kwa hiyo akachukua kima cha chini. Akaomba pia asilimia 10 ya mauzo ya jezi zake iende kwenye timu za vijana za klabu, kule alikotoka yeye.

Hili ndilo jambo ambalo wengi wanaorudi hulikosea. Mtu anarudi kwao na orodha ya madai: apewe nafasi, asikilizwe, aitwe bosi kwa kuwa ametoka mjini. Cazorla hakudai namba. Kifundo chake hakikuruhusu dakika 90 kila wiki, na mara nyingi alianzia benchi. Watu wa Oviedo hawakuwa wajinga, walijua wanapokea mguu uliochoka. Lakini walijua pia kwamba mguu ule ungeweza kuwa unakula pensheni mahali pengine.

Mwaka wa kwanza haukuisha vizuri. Walifika fainali ya mchujo wa kupanda daraja, wakafungwa na Espanyol. Hapo angeweza kusema, "Nimejaribu, kwaherini." Akabaki.

Juni 2025 wakafika tena. Nusu fainali na Almería, Cazorla akafunga kwa mpira wa adhabu. (Nilipouona nilirudi kwenye benchi lile lililovunjika.) Fainali na Mirandés walipoteza mechi ya kwanza 1-0 ugenini. Tarehe 21 Juni, nyumbani uwanja wa Carlos Tartiere, Mirandés wakatangulia tena. Jumla mbili bila. Ikapatikana penalti. Nani anapiga? Mzee wa miaka 40. Akafunga. Ilyas Chaira akaongeza la pili, na Francisco Portillo akamaliza kazi katika muda wa nyongeza, 3-1. Oviedo ikarudi Ligi Kuu ya Hispania baada ya miaka 24. Mitaa ilijaa bluu. Kijana aliyeondoka 2003 wakati klabu inazama alikuwa ndani ya uwanja ilipopanda.

Ndiyo maana alikuwa analia, rafiki yangu.

"Lakini yule ni tajiri"

Hoja ya upande wa pili ipo, na rafiki yangu aliitoa bila huruma: "Mtu ameshavuna London na Qatar, kima cha chini kwake ni mchezo. Wewe Bodi ya Mikopo itakukata asilimia 15 ya mshahara, kama mshahara wenyewe upo. Utarudi Tukuyu na nini?"

Ana haki. Ni uongo kumwambia kijana asiye na kitu arudi kwao "kwa mapenzi" kwa sababu mcheza mpira mmoja amefanya hivyo. Ajira nyingi ziko mijini. Anayebaki Dar kutafuta riziki hajamkimbia mtu, kama vile Cazorla hakumkimbia mtu mwaka 2003. Na wapo wanaorudi wakiwa hawana pa kwenda tu, halafu wanaudhika watu wasipowapigia makofi. Nyumbani hawadaiwi makofi.

Lakini hoja ya utajiri inamaliza nguvu ukiitazama ile 2012. Wakati ule hisa moja ilikuwa euro 10.75, na waliookoa klabu walikuwa pia watu wa kawaida, wapika kahawa, walimu, wanafunzi kama sisi. Bila wao Cazorla asingekuwa na mahali pa kurudi. Kwa hiyo swali la "unarudi lini" lina pacha wake: ukiwa mbali, unafanya nini ili pawepo pa kurudi?

Sisi wa Tukuyu tunalijua hilo kwa uchungu. Tukuyu Stars ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1986. Ndiyo, mji ule mdogo wa migomba na chai uliwapita wakubwa wa Kariakoo. Leo Ligi Kuu tunaiangalia kwenye kibanda. Wazee wetu wakisimulia 1986 macho yanang'aa, halafu wananyamaza. Sisemi timu ilianguka kwa sababu vijana waliondoka. Nasema tu kwamba sisi tulioondoka tunaisimulia sana kuliko tunavyoichangia, mimi nikiwa wa kwanza. Na kwako wewe msomaji huenda si timu. Ni shule yako ya msingi isiyo na vitabu, au kwaya, au zahanati, au kikundi cha kina mama.

Wengi wetu tunapanga kukumbuka kwetu tukishafanikiwa. Shida ni kwamba "tukishafanikiwa" haina tarehe, na mahali hapangoji. Oviedo ilikuwa na wiki chache tu.

Juzi baba kauliza tena. Kwa mara ya kwanza sikubadilisha mada. Nimemwambia sijui kama nitapata kazi huko au huku, na sitaki kumdanganya. Ila boom lijalo nitabana, na Desemba nakuja na mipira miwili ya watoto wa kile kiwanja cha nyuma ya kwetu, wanaopiga mpira wa makaratasi.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mipira sawa. Na nyavu je? Magoli yale hayana nyavu tangu masika."